Nyuso za Mawe za Bordeaux

Mgeni afikaye Bordeaux, Ufaransa, aghalabu hupelekwa kwanza ukingoni mwa mto Garonne, penye uwanja uitwao Place de la Bourse. Hapo majumba ya mawe yenye rangi ya asali yamejipanga kuukabili mto. Na mbele yake, tangu mwaka 2006, pametandazwa kioo cha maji chenye kina cha sentimita mbili tu, ambamo majumba yote huonekana yamepinduka. Watoto hukikanyaga wakicheka, picha ikatibuka, kisha ikarudi.

Uwanja huu, kazi ya Jacques Gabriel na mwanawe Ange-Jacques, ulijengwa kati ya 1730 na 1755. Katikati alisimamishwa Mfalme Louis XV juu ya farasi wa shaba. Mapinduzi yakamwangusha na shaba yake ikayeyushwa. Tangu 1869 pahali pake pana chemchemi ya Neema Tatu. Lakini ainuaye macho juu ya milango na madirisha huona nyuso zilizochongwa: miungu ya bahari, walevi wa mvinyo, na miongoni mwao sura ya Kiafrika.

Sura hiyo ina sababu ya kuwapo. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa wa forodha, wa pili wa wafanyabiashara. Na biashara yenyewe ilikuwa sukari, kahawa na nili ya Saint-Domingue, Haiti ya leo, jasho la watumwa. Meli za Bordeaux zilifunga safari za utumwa zipatazo 480, zikachukua watu kati ya 120,000 na 150,000. Wako wajiteteao kuwa Nantes ilizidi. Utetezi huo ni dhaifu: hata meli iliyokwenda visiwani moja kwa moja, isiyopakia mtumwa hata mmoja, ilirudi na alichokilima mtumwa.

Wala pwani ya Waswahili haimo nje ya hesabu hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliafikiana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Na karne ilipokaribia kwisha, meli za Bordeaux nazo zilitafuta watu Afrika Mashariki.

Mwendo mfupi kutoka uwanjani, kando ya mto, imesimama tangu Mei 2019 sanamu ya shaba ya mwanamke, kazi ya Woodly Caymitte wa Haiti. Mwanamke huyo alizaliwa Afrika Mashariki mwaka 1765, jina lake Al Pouessi. Ndugu wawili wa Bordeaux walimnunua, akabatizwa Modeste, akapewa na jina lao, Testas. Baadaye aliachwa huru. Akafa Haiti mwaka 1870. Mjukuu wake, François Denys Légitime, alikuja kuwa rais wa nchi hiyo.