Mazao "Maalumu" na Maombi ya Fedha za Utafiti Nchini Marekani

Katika orodha ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, muhogo umehesabiwa kuwa zao maalumu. Ndivyo ilivyo pia kwa kahawa, kakao na viazi vitamu. Karanga hazimo, mahindi ya nafaka hayamo, ijapokuwa mahindi matamu yanayoliwa mabichi kama mboga yamo. Kwa Mkongomani anayekula bukari ya muhogo kila siku, jina hilo halikosi kuonekana geni. Asili yake si elimu ya mimea bali ni sheria: lilitungwa ili kuamua ni nani anayeweza kuomba fedha za utafiti na mafunzo, na ni nani asiyeweza.

Maombi yenyewe yalianza zamani kuliko jina. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo, na sheria ya Hatch ya 1887 ikalitengea kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka kwa ajili ya kituo cha majaribio. Chuo cha Tuskegee, kilichofundisha Weusi wa Alabama, hakikupata fungu hilo. Mwaka 1897 bunge la jimbo lilikubali kukipa kituo chake dola 1,500 kwa mwaka, yaani sehemu moja ya kumi. Kwa fedha hizo George Washington Carver alichunguza viazi vitamu, kunde na baadaye karanga, mazao ya mkulima asiye na mbolea wala mkopo. Ilipofika haja ya kuwafuata wakulima mashambani mwao, Booker T. Washington, mkuu wa chuo, aliwaendea matajiri wa kaskazini. Mwaka 1906 Morris K. Jesup, mwenye benki wa New York, alitoa fedha za kutengeneza gari la kukokotwa na wanyama, likapakiwa vifaa vya mafunzo na kuzungushwa vijijini. Sheria ya Smith-Lever ya 1914, iliyoeneza elimu ya ugani nchi nzima, iliwaachia wabunge wa kila jimbo wachague chuo cha kupokea fedha. Kusini walichagua vyuo vya Wazungu. Vyuo vya Weusi vilingoja hadi 1977 ndipo sheria ikavitengea fungu la kudumu la utafiti.

Mgawanyiko wa pili ulikuwa wa mazao yenyewe. Sheria ya kilimo ya 1933 ilitaja bidhaa za msingi zitakazolindwa na serikali: ngano, pamba, mahindi, mpunga, tumbaku, nguruwe na maziwa. Matunda na mboga hazikutajwa, na kwa muda mrefu wenye mashamba ya matunda wengi hawakulalamika, kwani waliona soko kuwa rafiki mwema kuliko hazina. Kilichowaamsha ni biashara ya nje pamoja na wadudu na magonjwa. Mwaka 2004 Kongresi ilipitisha sheria ya ushindani wa mazao maalumu, nayo ikayafafanua: matunda, mboga, njugu za mitini, matunda makavu, na miche pamoja na maua. Mwaka uliofuata uamuzi wa Shirika la Biashara Duniani katika kesi ya pamba iliyofunguliwa na Brazil ulitia shaka katazo la zamani, ambalo liliwazuia wakulima waliolipwa na serikali kupanda matunda na mboga katika ardhi iliyolipiwa. Wenye bustani waliogopa kuvamiwa na jirani mwenye ruzuku. Waliungana, wakadai nao fungu lao.

Walilipata mwaka 2008: dola milioni 30 mwaka huo, kisha milioni 50 kila mwaka hadi 2012, kwa utafiti na ugani pamoja. Fedha hizi hazikugawanywa kwa majimbo kama zile za Hatch, zilishindaniwa. Mwombaji alitakiwa kuonyesha kwamba kazi yake inaingia katika mojawapo ya mambo matano: uzalishaji wa aina bora, wadudu na magonjwa, ufanisi wa kilimo, mitambo na ufundi mpya, au usalama wa chakula. Juu ya hayo palikuwa na sharti zito kuliko yote: kila dola ya serikali kuu iambatane na thamani ya dola nyingine kutoka kwingine. Katika karatasi sharti hili ni la haki. Katika utendaji lilimpendelea mwenye chama tajiri nyuma yake; wapanda mboga wadogo wangeipata wapi dola ya pili? Sheria ya 2014 iliongeza mlango mwingine: kabla ya wanasayansi kulipima ombi, wakulima na wafanyabiashara wa zao husika waseme kwanza kama lina manufaa kwao.

Sheria hiyohiyo iliongeza fungu hadi milioni 80 kwa mwaka, milioni 25 kati yake zikiwekwa kwa magonjwa ya michungwa. Ugonjwa uitwao huanglongbing, unaoenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani, ulikuwa umegunduliwa Florida mwaka 2005. Katika msimu wa 2003–2004 jimbo hilo lilivuna makasha milioni 242 ya machungwa. Katika msimu wa 2022–2023, baada ya tufani Ian pia, hayakufika milioni 16. Mchungwa uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na ruzuku ni ya miaka michache, hivi kwamba mtafiti wa aina mpya hulazimika kuandika ombi la pili kabla mche wake wa kwanza haujatoa ua.