Anko, Nijazie Kadi

Kauntabuku yangu ya kwanza ya kazi inaanzia Agosti 1992. Kila ukurasa nimeupiga mstari katikati: kushoto jina la mteja na mtaa anaotoka, Mafiga, Mji Mpya, Kihonda, kulia nyimbo alizozitaka. Kibanda changu kilikuwa Morogoro mjini, hatua chache kutoka soko kuu la zamani, lile lililovunjwa na kujengwa upya kwa jina la Chifu Kingalu. Ndani mlikuwa na deki la kanda mbili, amplifaya, ikolaiza, spika mbili zilizotazama barabarani, na rafu iliyofika darini. Juu ya mlango niliandika kwa brashi: TUNAREKODI NYIMBO UZIPENDAZO.

Nimelitoa daftari hili sandukuni kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila wiki, msibani, kwenye daladala, hata redioni. Husemwa kwamba vijana wa leo wameuvunja muziki. Wanaokota wimbo mmoja mmoja, hawasikilizi albamu nzima, leo wako Boomplay, kesho YouTube, keshokutwa kwingine. Mimi nimewahudumia vijana wa mji huu kwa miaka 27, na daftari langu linasema vingine. Katika kurasa za mwaka ule wa kwanza ni wachache mno walioomba kanda nzima ya mwanamuziki mmoja. Kijana wa Mafiga aliandikisha Pepe Kalle mbili, Sikinde moja, Msondo moja, na mwisho Kris Kross, jina ambalo alinitamkia mara tatu ndipo nikaliandika. Kuokota wimbo mmoja mmoja ni desturi yetu ya siku nyingi.

Chanzo chake ni namna muziki ulivyotufikia. Morogoro, mji kasoro bahari, ulikuwa mji wa muziki kabla sijazaliwa: Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Lakini kumsikia Mbaraka ni jambo moja na kuwa naye nyumbani ni jambo lingine. Santuri zake zilitoka Nairobi, kwani hapa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzikandamiza. Bendi zetu zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, na tepu zikabaki palepale maktaba. Wimbo uliweza kujulikana nchi nzima, ukaimbwa na watoto njiani kwenda shule, na usipatikane dukani popote.

Kwa hiyo jukwaa la vijana wa wakati huo lilikuwa redio, tena moja, maana upande wa Bara redio ya taifa ilikuwa peke yake hewani mpaka Radio One ilipoanza mwaka 1994. Kuchagua wimbo kulikuwa kutuma kadi ya salamu na kungoja. Kaka yangu alituma kadi kwa wiki tano mfululizo ndipo jina lake likasomwa. Vipindi kama Misakato na Klabu Raha Leo vilikuwa na saa zake, na ukichelewa kuchota maji umevikosa.

Redio kaseti ilipoingia majumbani, vijana wakaanza kuvizia. Neno letu lilikuwa hilo hilo, kuvizia. Unaweka kanda tupu, unabonyeza vitufe viwili pamoja na kile cha kusimamisha kwa muda, kisha unakaa na kidole tayari. Mtangazaji akitaja wimbo unaachia. Ndiyo maana kanda nyingi za miaka ile zina sauti ya mtangazaji mwanzoni, na mwishoni wimbo umekatwa na muhtasari wa habari. Mpaka leo zipo nyimbo ambazo nikizisikia zikiwa safi naona kama zimepungukiwa, kwa kuwa masikio yangu yanangoja ile sauti.

Mimi nilikigeuza kidole kile kuwa ajira. Kanda ya C-60 ina dakika 30 kila upande. Wimbo wa dansi wa wakati ule, wenye mashairi mbele na chemko nyuma, huchukua dakika saba au nane, kwa hiyo upande mmoja ulimeza nne, mteja akaondoka na nyimbo nane. Mpenzi wa rapu alipata kumi na nne kwa bei ile ile, na wazee walilalamika kwamba nawapendelea watoto. Kijana alisimama kaunta na karatasi yake kwa robo saa, anakata jina, anaandika lingine, anamuuliza mwenzake. Nafasi ilikuwa finyu na hela ilikuwa ya kuazima, hivyo kila wimbo ulipita kwenye mzani. Hata kuusikiliza kulikuwa na gharama. Betri za National hazikuharibiwa kwa kurudisha kanda nyuma; kanda ilirudishwa kwa kalamu ya Bic iliyoingizwa kwenye tundu lake na kuzungushwa hewani.

Sasa niseme jambo ambalo ni lazima lisemwe na mtu wa kazi yangu. Katika miaka ile sikumlipa mwanamuziki hata senti moja. Niliuza kazi zao, nikajenga vyumba viwili Kihonda, na sikuona kwamba nimemnyima mtu chochote. Siku moja, nadhani 1996, alikuja mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa katika bendi kubwa ya dansi. Alivaa koti la kijivu na alibeba mfuko wa mkaa. Aliniuliza kwa adabu kama ninao wimbo fulani. Ninao, nikamwambia. Akasema, "Naomba unirekodie, mwanangu. Gitaa hilo nilipiga mimi, ila sina nakala." Nilirekodi nikiwa nimemgeuzia mgongo. Nilipomkabidhi kanda aliingiza mkono mfukoni kutafuta hela, nami nikaushika mkono wake nikaurudisha. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ikazaliwa kutokana nayo, lakini mimi nilianza kuielewa siku ile ya mfuko wa mkaa.

Zama za CD nitazipita haraka, maana zilipita haraka. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Mzumbe na SUA ndio walioniletea kompyuta ya kwanza kibandani, wakanifundisha kuchoma CD, wakanionyesha kwamba diski moja inabeba nyimbo mia na hamsini zikiwa MP3. Bongo Fleva ilikuwa imeshika moto: Professor Jay, Juma Nature, kazi za P-Funk pale Bongo Records. Niliuza sana na nikakosea sana, kwa kuwa diski zilikwaruzika na wateja wakazirudisha kwa hasira.

Kilichobadili kila kitu ni memori kadi. Simu za Kichina ziliingia zikiwa na laini mbili, tochi, na spika inayosikika mpaka nyumba ya tatu. Kijana wa Mji Mpya hakuhitaji tena redio kaseti. Muziki wake ulikuwa mfukoni. Waliokuwa na nyimbo walirushiana kwa Bluetooth, simu zikiwa zimegusana kama ndugu wanaosalimiana. Wasiokuwa nazo walikuja kwangu. Kadi ya GB 2 inabeba nyimbo mia tano hivi, na nilitoza shilingi 2,000 kuijaza.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Nikuwekee zipi?"

"We nijazie tu, anko. Ila usiniwekee za wazee."

Nijazie tu. Mara ya kwanza nilidhani ni uvivu wa kijana mmoja. Baada ya mwezi niligundua ni wote. Upande wa kulia wa daftari langu ulibaki mweupe, na mwaka 2011 niliacha kuliandika. Wale wale ambao kaka zao walibishana robo saa juu ya wimbo wa nane, wao walinipa kadi na kwenda kunywa chai. Hawakuwa watu wa aina nyingine. Nafasi ya nyimbo nane mtu huipanga mwenyewe; nafasi ya nyimbo mia tano hakuna anayeweza kukaa kaunta na kuiorodhesha. Uchaguzi ukahamia kwangu. Nilijifunza kuuliza maswali matatu: unakaa wapi, unasikilizia wapi, na nani mwingine anashika simu yako. Fundi cherehani nilimjazia taarabu ndefu za Jahazi zisizomlazimu kuacha kazi kila dakika tatu. Binti aliyelala chumba kimoja na mama yake nilimtenganishia folda ya kaswida akaiweka mbele. Nilifanya kwa mikono kile ambacho simu za sasa hufanya zenyewe, zikikupangia wimbo unaofuata kabla hujauomba. Tofauti ni kwamba mteja aliweza kurudi kunigombeza.

Katikati ya Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Asubuhi yake walikuja vijana na simu zisizoshika mtandao, zingine bado zikipiga muziki vizuri tu. Wapo walioendelea kuzitumia kama redio kwa miezi. Lakini wengi walijikakamua wakanunua simu janja za bei nafuu, na ndani ya simu hizo jukwaa lilikuwa limeshawekwa. Boomplay ilianza 2015 ikiwa ndani ya simu za Tecno. Mdundo ilikuwa imeshaanza Nairobi miaka michache kabla, ikiwapa watu nyimbo za kupakua bure, na kwetu palikuwa na Mkito. Mwaka 2017 Diamond Platnumz akafungua Wasafi.com. Spotify ilifika Tanzania Februari 2021, na wakati huo kibanda changu kilikuwa kimeshafungwa miaka miwili.

Nilimuuliza binti yangu wa mwisho, aliye kidato cha sita, kwa nini anatumia Boomplay na si nyingine. Nilitarajia aniambie habari za ubora wa sauti au wingi wa nyimbo.

"Baba, hii ilikuja na simu," alisema.

Jibu hilo lina ukweli mwingi kuliko maelezo marefu niliyowahi kusikia. Baba yangu naye alisikiliza Radio Tanzania kwa kuwa ndiyo iliyokuja na redio. Kijana hupokea kwanza kilichopo mkononi, halafu hukipima kwa swali moja: wimbo ukishaingia, utabaki? Video ya dakika nne YouTube hula MB 20 hivi ukiitazama kwa ubora wa wastani, na ukiirudia italipisha tena. Wimbo wenyewe ukipakuliwa ni MB nne, unasikilizwa mwaka mzima bila senti nyingine. Bodaboda wa pale stendi ya mabasi ya Msamvu hupakua mchanganyiko mmoja wa DJ usiku, bando la usiku likiwa rahisi, na unawatosha siku nzima barabarani. Hawalipii kusikia, wanalipia kuwa nao. Kanda ilikuwa hivyo, kadi ilikuwa hivyo.

Jambo lililonifurahisha zaidi nililiona Ijumaa moja, binti yangu akiwa na bando la mwisho wa wiki lililobakiwa na MB 40. Alikaa ukumbini na karatasi. Karatasi ya kweli, ya daftari lake la Jiografia. Aliandika nyimbo kumi na nne, akahesabu, akakata nne. Zikabaki kumi. Akasita juu ya moja ya mwisho, akamwita dada yake, wakabishana. Bando dogo lilikuwa limemrudisha kaunta kwangu, mwaka 1992, mbele ya kanda ya dakika sitini. Anayesema vijana hawa hawajui kuchagua hajawaona wakiwa na MB 40.

Usiku ule tulifungua kauntabuku yangu, ukurasa wa Machi 1994, tukatafuta nyimbo nane za mteja mmoja wa Kihonda katika simu yake. Tano zilikuwepo. Moja ilikuwepo kwa jina la mwanamuziki asiye wake. Mbili hazikuwepo kabisa, na zote mbili ni nyimbo za bendi zilizoviziwa redioni. Ukurasa uliofuata ulikuwa hivyo hivyo, na uliofuata pia.

Tangu hapo ninahamisha kanda zangu kwenda kwenye kompyuta, waya mmoja kutoka deki, kanda ya saa moja kwa saa moja, kwa kuwa hakuna njia ya mkato. Ninaandika jina la wimbo, bendi, na kipindi kama mtangazaji anakitaja. Nimeshamaliza kanda 61.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna sanduku la kanda chini ya kitanda cha marehemu baba au mjomba, usilitupe na usimpe mtoto achezee ule utepe. Wala usiijaribu kanda kwenye redio ya zamani iliyokaa bila kazi, maana itaitafuna. Zitoe sandukuni, zipepee kivulini, uzungushe kila kanda mara moja kwa kalamu mpaka mwisho na kurudi. Kisha tafuta deki nzima, kichwa chake kikiwa kimesafishwa kwa pamba na spiriti, ndipo ubonyeze.