Umeme wa Jua Vijijini: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Vifaa Kariakoo

Maduka ya vifaa vya umeme yaliyopo Kariakoo, Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, huuza paneli, betri, vidhibiti chaji na taa za sola zinazosafirishwa hadi vijijini. Kwa kaya iliyo mbali na nguzo za TANESCO, vifaa hivyo huondoa koroboi na gharama ya mara kwa mara ya mafuta ya taa.

Unafuu wake hutegemea hesabu. Taa 3 za wati 5 zikiwaka saa 4 hutumia wati-saa 60. Redio ya wati 5 kwa saa 6 hutumia 30. Kuchaji simu huhitaji takribani 10. Jumla ni wati-saa 100 kwa siku. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 4 huzalisha hadi wati-saa 200, hivyo hubaki akiba ya kufidia upotevu na mawingu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 20 huhifadhi wati-saa 240, lakini ikitumika zaidi ya nusu kila usiku huchakaa mapema. Anayepunguza ukubwa wa betri ili kuokoa fedha hulazimika kununua nyingine upesi. Pasi na jiko la umeme havifai kwa mfumo huu.

Mnunuzi anashauriwa kulinganisha uwezo ulioandikwa kwenye kibandiko na mahitaji yake, kudai risiti ya kielektroniki na kupata dhamana ya maandishi kabla ya kusafirisha mzigo, kwani kasoro nyingi hubainika kijijini, muuzaji akiwa mbali.