Rimoti Moja kwa Wote

Juzi, kwenye kibanda changu cha ufundi Ngamiani, Tanga, mama mmoja alinimwagia mezani rimoti nne kutoka kwenye kikapu: ya televisheni, ya king'amuzi, ya deki, na ile nyembamba kama kadi, ya sabufa. "Fundi, niondolee adha hii. Nataka moja tu."

Rimoti za mwanzo hazikuwa na adha hiyo, kwani chombo cha kuamrisha kilikuwa kimoja. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa yake mwaka 1950, ikiwa na waya mrefu uliowakwaza watu sebuleni. Mwaka 1955 mhandisi wake, Eugene Polley, akaleta ya kumulika mwanga kwenye pembe za televisheni; jua likipenya dirishani, nalo likawa linabadili stesheni. Mwaka uliofuata Robert Adler akatumia sauti: nyundo ndogo iligonga fimbo ya alumini, ikatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii. Haikutumia betri hata moja. Wauzaji ndio waliotaka hivyo, wakihofia kuwa betri ikiisha mteja atadhani televisheni imekufa. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nimeshaletewa televisheni "mbovu" ambayo dawa yake ilikuwa betri mbili za rimoti.

Vurugu ilikuja na infraredi, mwanga usioonekana, ulioenea miaka ya 1980. Kila kampuni ilijitungia lugha yake. Taa ya Philips hupepesa mara 36,000 kwa sekunde, ya NEC mara 38,000, ya Sony mara 40,000, na mpangilio wa ishara nao ukawa mbalimbali. Redio, deki na televisheni zikakaa sebule moja kama wapangaji wasiosalimiana.

Mwaka 1985 Philips, kwa jina la Magnavox, ikatoa rimoti ya kuendesha vyombo vya kampuni mbalimbali. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, akaja na CORE kutoka kampuni yake mpya, CL 9. Hiyo ilikuwa mwanafunzi: uliikabilisha na rimoti nyingine, ikapokea ishara na kuikariri. Akili ilikuwa nayo, ila vitufe vyake 16 vilianzia 0 na kuishia F. Kipi cha sauti, kipi cha stesheni, ukumbuke mwenyewe. Wengi hawakuwa na subira hiyo, nayo haikutamba sokoni.

Lakini njia hizo mbili, ya lugha zilizopakiwa na ya kujifunza, ndizo zinazonilisha hadi leo. Rimoti ya bei nafuu huja na lugha zimeshapakiwa, pamoja na karatasi ya namba: unashikilia SET mpaka taa nyekundu itulie, unaingiza namba, unajaribu kuzima. Televisheni ya yule mama ilitii namba ya tatu. Sabufa yake, moja ya zile za Kichina zilizojaa madukani, haikuwamo kabisa kwenye karatasi. Ikabidi nichukue rimoti inayopokea namba na kujifunza pia. Kwanza niliielekeza ile kadi kwenye kamera ya simu. Taa yake ikaonekana kwa rangi ya zambarau, nikajua bado inasema. Kisha nikazilaza rimoti mbili uso kwa uso, nikafundisha kitufe kimoja baada ya kingine: kuwasha, kuongeza sauti, kupunguza, besi.

"Kwa nini hao watengenezaji wasikubaliane lugha moja?" akauliza.

"Mama, anayekuuzia televisheni anataka na redio ununue kwake."

Kazi ilichukua nusu saa. Namba ya televisheni niliiandika kwenye plasta, nikaibandika ndani ya mfuniko wa betri, kwa sababu karatasi ile hupotea kabla ya kila kitu. Rimoti zake za zamani nilimrudishia zote kikapuni. Nawe za kwako usizitupe: siku rimoti mpya ikianguka ikavunjika, hizo ndizo zitakazomfundisha mrithi wake.