Mwenye Lupango na Mwenye Udongo: Haki ya Ardhi mjini Kolwezi

Katika Kiswahili cha Katanga, kiwanja chenye nyumba huitwa lupango, na aliye nacho ni mwenye lupango. Sheria, hata hivyo, haikulipa neno «mwenye» uzito huo.

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Nyumba za kambi zilikuwa za kampuni; mfanyakazi alikaa humo kwa ajili ya kazi yake. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha ardhi na madini kwa Serikali. Ile ya tarehe 20 Julai 1973 ikathibitisha kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo husimama juu ya hati ya usajili, si juu ya risiti ya mwuzaji. Kanuni ya Madini ya 2002 nayo ikatenga haki ya juu ya ardhi na haki ya kilichomo chini.

Maana ya mtengo huo ilidhihirika Kasulo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba, wakazi wakachimba hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 mamia ya familia zilihamishwa kwa fidia, na eneo likazungushiwa ukuta.

Basi, anunuaye lupango hana budi kuuliza mambo mawili: hati iko kwa jina la nani, na kibali cha madini ya chini ni cha nani? La kwanza hujibiwa na msajili wa hati, la pili na kadastra ya madini.