Akrabu

Neno akrabu, ambalo siku hizi wengi wamelihama wakasema mshale, asili yake ni Kiarabu, na maana yake nge. Na atazamaye kwa makini saa ya fahari ya kamani, ile yenye akrabu za ziada za kupimia muda, ataridhika kwamba jina limestahiki. Akrabu fupi ikielekea tatu, mtu wa Mwanza husoma saa tisa, tarakimu iliyo mkabala wake, wala hakosei. Avukapo kwa feri kutoka Kamanga, hubonyeza kitufe cha juu, akrabu ndefu na nyembamba ikaondoka. Hukibonyeza tena, ikasimama. Kisha cha chini huirejesha kileleni. Ila vitufe hivyo visiguswe mkono ukiwa majini, kwani hapo ndipo maji ya ziwa hupenya, na kutu ikishaingia haina msamaha. Ufunguo utiwe asubuhi, saa imevuliwa mkononi, taratibu, hadi kamani igome; kuishurutisha zaidi ni kuihasiri.

Nawasihi mafundi na walimu: lirejesheni neno akrabu katika matumizi, maana lingali letu na halijachakaa.