Tangi la samaki na soketi ya stima: wapi iwe, wapi isiwe

Sisi watu wa pwani samaki tumezoea kumwona sokoni au juu ya sinia, si sebuleni. Lakini nilipohamia Machakos kikazi, wanangu waliikosa bahari, nami nikawanunulia tangi la kioo la lita 100 na samaki wa rangi rangi. Mombasa tangi hilo lingetaka chujio na taa, basi. Machakos iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 15. Samaki hawa wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Ikabidi ninunue hita, na hapo ndipo stima ilipoingia majini.

Jioni moja binti yangu wa miaka saba alikuwa akiwalisha. Akaniita: "Baba, maji yanang'ata." Nikadhani ni samaki. Nilipomwona anajikuna kidole nikamtoa pale, nikaenda kuzima swichi kuu, ndipo nikaichomoa hita. Kioo chake kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alhamdulillahi, mtoto alikuwa amevaa champali za mpira. Angekuwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji iliyolowa, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Jirani aliniuliza mbona fyuzi haikukatika. Swali zuri. Hita ya wati 100 kwenye stima yetu ya volti 240 hula chini ya nusu ampia. Fyuzi ya plagi huwa ya ampia 13, na hata ile ndogo ni ya ampia 3. Mkondo wa kuuvuruga moyo wa mtu haufiki hata sehemu ya kumi ya ampia moja. Fyuzi inalinda waya usiungue, wewe haikujui. Kinachomlinda mtu ni kile kidude mafundi wanachokiita RCD, kinacholinganisha stima inayotoka na inayorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 hukata mara moja. Nyumba nyingi za kupanga hazina. Yangu haikuwa nacho.

Na hita yenyewe ilikuja na plagi ya miguu miwili. Nawe wajua tufanyavyo: tunachokoa tundu la juu kwa kalamu, tunaisukuma ndani, kazi imekwisha. Plagi ile inakaa kwa kulegea, haina fyuzi wala erthi. Nunua adapta ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 3.

Sasa soketi yenyewe. Kosa langu kubwa nililifanya siku ya kwanza: niliweka tangi mbele ya soketi ili nyaya zisionekane. Kwa hivyo kila nilipotaka kuzima nilipitisha mkono juu ya maji. Soketi iwe ubavuni mwa tangi, mbali kiasi kwamba maji yakiruka hayaifikii, nusu mita au zaidi, nawe uweze kuizima bila kulikaribia tangi. Isiwe chini ya tangi wala nyuma yake. Ukimwita fundi aweke mpya, mwambie aipandishe juu kuliko ukingo wa kioo.

Soketi za nyumba zetu nyingi ziko chini karibu na sakafu. Kama huwezi kuihamisha, acha waya ushuke chini kuliko soketi, upinde kama kamba ya bembea, kisha upande kwenye plagi. Maji yanayotambaa kwenye waya yatadondoka hapo kwenye pindo badala ya kuingia kwenye soketi. Hili halina gharama yoyote, na ndilo ninaloliona limesahauliwa kila nyumba. Ekstensheni nayo usiilaze sakafuni wala ndani ya kabati la tangi. Ipigilie ukutani, ubavuni, juu.

Pampu ya hewa ina ujanja wake. Stima ikipotea, na hapa inapotea, maji yanaweza kurudi nyuma kwenye mpira mpaka ndani ya pampu, kisha stima irudi ikute pampu imejaa maji. Iweke juu kuliko maji, au utie vali ya kuzuia maji yasirudi. Na kabla ya kutia mkono tangini, chomoa kila kitu. Hita ipe dakika 15 ipoe kabla hujapunguza maji. Ikibaki moto hewani, kioo hupasuka. Nashuku ndivyo yangu ilivyopata ule ufa.

Ukikuta maji yamemwagika sakafuni na nyaya zimelowa, usikanyage. Nenda kwenye swichi kuu kwanza.

Kazi ya ukutani nilimpa fundi mwenye leseni ya EPRA. Alipopima akakuta waya wa erthi, ule wa kijani na manjano, upo kwenye soketi lakini mbele haukufungwa popote. Mwenye nyumba alinuna, kisha akakubali tugawane gharama. RCD ikawekwa. Ina kitufe cha T cha kuijaribu, na binti yangu ndiye anayekibonyeza kila mwanzo wa mwezi. Mamake hulalamika kwamba daima huchagua wakati wa kipindi chake cha televisheni.